Jina la Datsun na Injini Ndogo

Wako watu ambao wakisikia kwamba jina la motokaa iliyovuma zamani limefufuliwa, na kwamba motokaa mpya ina injini ndogo, hupiga mayowe kama waliofukuliwa kaburi la babu yao. Hoja yao ni moja: jina kubwa halistahili mtambo mdogo. Msomaji wangu, nakusihi usiifuate hoja hiyo. Hasira yao ina haki ndani yake, lakini wameielekeza pasipostahili, na kwa hiyo mkosaji hasa hupita katikati yao bila ya kuguswa.

Chukua jina la Datsun, ambalo Afrika Mashariki ililijua vizuri kuliko majina mengi ya motokaa. Halikuzaliwa katika ukubwa. D, A na T ni herufi za kwanza za majina ya Wajapani watatu, Den, Aoyama na Takeuchi. Mwaka 1931 ilitokea motokaa ndogo iliyoitwa Datson, yaani mwana wa Dat, na injini yake ilikuwa ya sentimita za ujazo 495, isiyotimia nusu lita. Baadaye kidogo tahajia ikageuzwa kuwa Datsun.

Sifa ilikuja kwa matope. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalifanywa kwa miaka mingi wakati wa Pasaka, mvua za masika zinapogeuza udongo kuwa uji. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni motokaa saba tu zilizofika mwisho. Katika adhabu hiyo Edgar Herrmann alishinda mwaka 1970 kwa Datsun ya lita 1.6. Mwaka uliofuata alishinda tena kwa Datsun 240Z, motokaa ya mbio ya viti viwili, silinda sita na lita 2.4, ile ambayo wapenzi wa magari huitaja hata leo kwa sauti ya kunyenyekea. Lakini tazama yaliyotokea mwaka 1973. Shekhar Mehta katika 240Z, na Harry Källström katika Datsun ya lita 1.8, walimaliza wakiwa na pointi za adhabu sawasawa, hata ikabidi itafutwe kanuni ya kuamua sare ndipo Mehta akapewa ushindi. Lita 2.4 na lita 1.8 zilitiwa katika mizani ya maelfu ya kilomita, na mizani haikuinama!

Basi jina lile lilimaanisha nini kwa wenyeji waliosimama kando ya njia? Halikumaanisha lita. Lilimaanisha bodi isiyoachana na chasisi, na dereva aliyetoka mzima.

Hapa kwetu Kakamega mtoto hupewa jina la babu aliyefariki. Babu huenda alikuwa pande la mtu, na mjukuu akazaliwa mwembamba kama unyasi. Hakuna mzee atakayemvua jina kwa sababu ya kimo chake. Lakini babu akiwa alisifika kwa uaminifu, na mjukuu akawa mwizi, utasikia maneno barazani.

Sasa njoo mwaka 2013. Kampuni ya Nissan, mwenye jina hilo, ilikuwa imeanza kuliacha mwaka 1981. Ikalifufua mjini Delhi na kulibandika juu ya Datsun GO, motokaa ya bei nafuu, silinda tatu na lita 1.2. Wale wa hoja ya kwanza wataicheka injini hiyo. Mimi siicheki hata kidogo. Karani na muuguzi wanahitaji motokaa inayokunywa petroli kidogo. Lakini mwaka 2014 shirika la Global NCAP liliigongesha GO ili kuipima, na likaipa nyota sifuri kwa usalama wa watu wazima. Haikuwa na mifuko ya hewa; na ubaya zaidi, bodi yake iliporomoka kiasi kwamba shirika lilisema hata mifuko hiyo ikitiwa haingesaidia. Likaiomba kampuni iache kuiuza. Kampuni ilijibu kwamba motokaa hiyo imetimiza sheria za India.

Jibu hilo ndilo linalonichukiza. Sheria ilitimizwa, naam. Lakini jina halikupatikana kwa kutimiza sheria. Lilipatikana kwa bodi zilizostahimili mashimo na mito, na hilo hasa ndilo liliondolewa, jina likaachwa livutie wanunuzi. Wala usiniambie kwamba bei ndogo ni udhuru. Kifua cha mtu mwenye mshahara mdogo huvunjika kama kifua cha tajiri, na yeye ndiye asiye na akiba ya hospitali. Mwaka 2022 Nissan ililizika jina la Datsun mara ya pili.

Na kwa wale ambao bado hawajaridhika juu ya injini ndogo, nawakumbusha jambo moja. Baada ya kutolewa katika mashindano ya ubingwa wa dunia tangu mwaka 2002, Safari ilirejea mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha. Mshindi alikuwa Sébastien Ogier katika Toyota Yaris, na injini ya Yaris hiyo ilikuwa ya lita 1.6, kipimo kile kile cha Datsun ya mwaka 1970.