Kadi ya sauti: tufungue sanduku ao hapana?

Juma hili tunajibu ulizo la kikundi kimoja cha kuweka akiba. Wamama hao wanatumia kompyuta ndogo ya kubeba kwa kurekodi mafundisho ya afya na ya hesabu, ili wenzao wasiojua kusoma wasikilize. Lakini sauti inatoka pamoja na mlio, na maneno mengine hayasikiki. Muuzaji amewaambia wanunue kadi ya sauti, na sasa mkutano unataka kutoa feza katika sanduku la AVEC. Feza hiyo ndiyo mama mwenzetu angekopa kwa kulipa masomo ya mtoto ao kuongeza biashara yake ya unga. Basi tuchunguze vizuri mbele ya kufungua kufuli tatu.

Kadi ya sauti ni kama mtafsiri. Mikro inageuza sauti kuwa umeme mdogo sana, na kadi inageuza umeme huo kuwa hesabu ambazo kompyuta inaweza kutunza. Wakati wa kusikiliza, inarudisha hesabu kuwa umeme wa kusukuma spika. Zamani kompyuta nyingi hazikuwa na mtafsiri huyo; zilitoa tu mlio mfupi. Ndiyo sababu kadi kama Sound Blaster, iliyotoka mwaka 1989, ilitafutwa sana. Lakini tangu mwisho wa miaka ya 1990, watengenezaji walianza kuweka sehemu hiyo ndani ya kompyuta yenyewe, na leo karibu kila mashine inayo. Hata ile ya kawaida inapima sauti mara 44,100 kwa sekunde, sawa na CD. Kwa sauti ya mama anayefundisha, inatosha.

Tukumbuke pia kwamba mtafsiri hasahihishi msemaji. Mikro ikiwa mbaya, ao chumba kikiwa na mwangwi, kadi ya bei kali itaandika ubaya huo jinsi ulivyo. Kwa hiyo tunaomba kikundi kifanye majaribio haya, ambayo hayaombi hata franka moja:

1. Chomoeni waya wa chaja, mrekodi kwa betri peke yake. Mlio ukipotea, kosa ni la chaja ao la umeme wa nyumba ao wa jenereta. Endeleeni kurekodi kwa betri.

2. Rekodini kwa telefone mahali pale pale. Telefone ikileta mwangwi ule ule, kosa ni la chumba. Tundikeni vitenge na mablanketi ukutani, mfunge madirisha, na msirekodi mvua ikipiga mabati.

3. Wekeni mikro karibu, kama shubiri moja toka kinywani, kidogo pembeni ili pumzi isiipige.

4. Tazameni ncha ya waya wa mikro. Kompyuta nyingi za kubeba zina tundu moja tu kwa ekutere na mikro pamoja. Tundu hilo linaomba ncha yenye miviringo mitatu myeusi. Yenye miwili mara nyingi haitasikika hapo, hata mikro ikiwa nzima.

5. Azimeni mikro nyingine. Sauti ikiwa safi, nunueni mikro, si kadi.

Je, kuna siku kadi inafaa? Ndiyo. Tundu likivunjika ao sehemu ya sauti ikifa, kuna kadi ndogo ya kuchomeka katika tundu la USB. Bei yake ni ndogo kuliko kufungulisha mashine kwa fundi. Tena, kikundi kikitaka kurekodi korali kwa mikro kubwa mbili, kama zile za studio, hapo kinahitaji kisanduku cha sauti cha USB chenye matundu ya mikro hizo, kinachotoa pia umeme wa volti 48 kwa mikro zinazouomba. Hiyo ni kazi nyingine na feza nyingine. Ijadiliwe peke yake.

Angalisho moja kwa mwenye kutunza sanduku: kuna kadi zinazofungwa ndani ya kompyuta kubwa ya mezani. Hizo haziingii katika kompyuta ya kubeba. Mkinunua hiyo, feza imepotea. Msilipe mbele ya kuichomeka katika mashine yenu wenyewe, pale dukani, na kusikiliza.

Kwa hiyo jibu letu kwa kikundi hiki ni: hapana, si juma hili. Fanyeni majaribio matano, mwandishi aandike matokeo katika daftari, na yasomwe mkutanoni mbele ya kupiga kura. Hata mama asiyejua kusoma ana masikio ya kuhukumu: mchezesheeni rekodi ya kwanza na ya mwisho, yeye ndiye mtasikilizia.