Mzigo wa Mpagazi Ndio Kipimo cha Pedi

Kila mashine mpya ya gemu inapoingia sokoni, matangazo yake huyasifia macho: picha kali kuliko jana, maji yanayometa, nywele za mhusika unazoweza kuzihesabu. Sifa hizo hazikai. Mwaka 2013 Xbox One ilizinduliwa pamoja na Ryse: Son of Rome, mchezo uliosifiwa sana kwa sura yake, na leo ni nadra kusikia mtu akiutaja. Miaka saba kabla ya hapo Nintendo ilikuwa imetoa Wii, mashine iliyozidiwa nguvu kwa mbali na PlayStation 3 na Xbox 360, na kwingi duniani ikaiuza pamoja na Wii Sports. Mtu alishika rimoti, akapunga mkono kama anayepiga tenisi, na kwenye skrini mpira ukaondoka. Wii ziliuzwa zaidi ya milioni 100, zikawaacha nyuma wapinzani wote wawili. Ryse ilimpa mtu kitu cha kutazama. Wii Sports ilimpa mkono wake kazi ambayo mashine ya jana isingeiweza.

Hapo ndipo ninaposimama: mchezo unaotangaza mashine mpya hupimwa kwa kazi unayoupa mkono. Mwaka 1996 Super Mario 64 ilimwacha mchezaji kwenye bustani ya kasri isiyo na adui hata mmoja, azoee kwanza kijiti kipya cha dole gumba, anyate, akimbie, azunguke. Mwaka 2020 kila PlayStation 5 ilikuja na Astro's Playroom ndani yake, na mchezo huo mdogo ukafanya mchanga, barafu na matone ya mvua vitofautiane viganjani, kwa mitetemo ya pedi. Lakini ushahidi ninaoupenda zaidi ni Death Stranding ya Mjapani Hideo Kojima. Ilipotoka mwaka 2019 wengi waliikebehi kwa sababu mhusika wake kazi yake ni kubeba mizigo, kutembea, na kujizuia asianguke. Toleo la PlayStation 5 lilipokuja mwaka 2021, vitufe viwili vya nyuma ya pedi vikawa vinakaza kadiri mzigo unavyoongezeka, na kile kilichokebehiwa ndicho kilichoonyesha vitufe hivyo vilitengenezwa kwa ajili ya nini.

Msomaji wa Tabora atakuwa amekwisha kuona ninakoelekea. Mchezo wa mpagazi umetoka Japani, ilhali mji wake ni huu. Kazeh, kama wasafiri wa karne ya 19 walivyouita, ulikuwa njia panda ya misafara: mashariki Bagamoyo, magharibi Ujiji, na njia nyingine zikipanda kuelekea Karagwe na Buganda. Mnyamwezi alitembea na takriban frasila mbili begani, yaani zaidi ya kilo 30, zikiwa pembe za ndovu kwenda pwani au mtumba wa nguo kurudi bara. (Neno mtumba leo tunalitumia kwa nguo kuukuu, na hata kwa mashine za gemu zinazotufikia zikiwa zimechezewa na wengine.) Kila hatua ya njia ilikuwa na hisia yake mguuni na begani. Baada ya Ugogo ilikuja Mgunda Mkali, nyika ya vichaka na kiu, kabla ya kufika Tura, mlangoni pa Unyamwezi. Baada ya Tabora ilikuja miombo, kisha matope na mitumbwi ya Malagarasi, kisha chumvi ya Uvinza. Mbele alitembea kirangozi, kiongozi wa msafara, na baragumu ililia. Pedi ya PlayStation 5 ina kipaza sauti ndani yake. Astro's Playroom ilikitumia kumfanya mchezaji apulize pangaboi. Sisi, katika mchezo wa njia hii, tungempulizisha baragumu.

Kuna la kupinga, na la kwanza ni zito. Njia hii ilipitiwa pia na watu waliofungwa minyororo. Je, tuifanye mchezo? Jibu langu linategemea mchezaji anapewa nafasi ya nani. Akipewa bakora, au akipewa kofia ya mpelelezi Stanley, afadhali mchezo usitengenezwe. Tembe la Kwihara, karibu na Tabora, tunaliita nyumba ya Livingstone, na waliobeba masanduku yaliyoingia humo hatuwataji. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, wakigomea posho pungufu na hata kuutoroka msafara. Mwanahistoria Stephen Rockel aliandika kitabu kizima juu yao mwaka 2006. Mchezo unaompa mtu bega la mpagazi hauwezi kuificha minyororo inayopita kando yake, wala hongo iliyodaiwa na watemi njiani, enzi hizo ikiwa ushuru wa wazi, wala vita vya mtemi Mirambo vilivyoifunga njia ya Ujiji mwaka 1871.

La pili ni la mfuko. PlayStation 5 yenye kisoma diski ilianza kuuzwa kwa takriban dola 500 huko Marekani, na hata pale vijana wetu wanapocheza kwa kulipia kwenye vibanda, mpira ndio unaotawala. Ni kweli. Ila kibandani mashine moja huchezwa na wawili na kutazamwa na benchi zima, kama Wii Sports ilivyochezwa sebuleni na bibi na mjukuu. Kazi ya mkono inaeleweka hata kwa anayesubiri zamu yake.

La tatu, kwamba makampuni makubwa hayatasikia habari za Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, lilikuwa na nguvu zaidi kabla ya Aprili 2024. Mwezi huo studio ya Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ilitoa Tales of Kenzera: Zau kwa PlayStation 5, Xbox na Nintendo Switch, ikichota katika masimulizi ya Kibantu, na mchezaji anaweza kuchagua kuwasikia wahusika wakizungumza Kiswahili. Haukuwa mchezo wa kutangazia mashine, lakini lugha yetu imekwisha kuingia kwenye mashine hizo.

Wala mchezo wetu hauhitaji njia yote ya Bagamoyo hadi Ujiji, ya zaidi ya kilomita 1,200. Inatosha Mgunda Mkali hadi Tura, kwa pedi mbili: ya kwanza kwa kirangozi, anayechagua njia na kupuliza baragumu, ya pili kwa mpagazi wa mkiani, ambaye vitufe vyake vinakaza zaidi kila maji yanapopungua, na hana njia nyingine ya kuomba mapumziko ila kuutua mzigo.