Hawakungoja Ukumbi

Wanachama wenzangu hulalama kwamba hawatungi kwa kuwa chama hakina ukumbi wala fedha za uchapishaji. Nawaelekeza Dandora, mtaa uliopakana na jaa kuu la taka la Nairobi. Katika miaka ya 1990, redio zikipendelea nyimbo za Marekani, vijana wa Kalamashaka walifokafoka kwa Kiswahili na Sheng. Walikutana na wenzao wa Ukoo Flani, wakapimana mistari. Albamu yao, Ni Wakati, ilitoka mwaka 2001. Sheng hiyo huwakera baadhi ya wahadhiri wetu. Nami, nakiri, hunikera mara mojamoja. Lakini mimi, mwenye meza na taa, sikutunga hata ubeti mmoja muhula uliopita.