Nyama ya Tanzi Juu ya Baiskeli

Wako ndugu zetu hapa Ngara waniambiao, "Swala Mola kamhalalisha, mbona wewe wamkataa?" Naam, swala ni halali. Mimi nauliza, kafaje?

Sisi wa pwani twaujua msitu wa Arabuko-Sokoke, na mambo ya Tsavo hayakutufichika. Wawindaji wengi wameacha upinde, wameshika baiskeli. Akienda hufunga waya, panga na tochi kwenye keria. Akirudi keria imebeba gunia, pengine juu kapanga makaa. Baiskeli haina ngurumo, haili petroli, na hupita vijia visivyopitika kwa gari la askari wa wanyama. Chombo cha watu, cha kubebea maji na mikate, kutiwa katika kazi hiyo!

Sasa, mnyama aliyenaswa usiku, mtegaji akamkuta asubuhi amekwisha kukauka, nani aliyemchinja? Sura ya Al-Maida, aya ya 3, imemtaja aliyekufa kwa kunyongeka miongoni mwa walioharimishwa, ila aliyewahiwa akachinjwa. Kumpitishia mfu kisu shingoni si kuchinja. Na auzaye kwa kificho hatakwambia.

Serikali nayo ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka 1977, na sheria ya 2013 ikazidi kukaza. Wasema ni umaskini. Huenda, na yule wa baiskeli namwonea huruma. Simwonei mnunuzi wa mjini, mwenye bucha ya halali karibu na mlango wake, akafuata rahisi ya gizani.