Kicheko cha Aki kisigeuke tusi sokoni

Wengi wetu hapa Mombasa tuliokuwa tukikodi kanda za filamu za Naijeria tunamjua kama Aki. Jina lake hasa ni Chinedu Ikedieze. Filamu ya Aki na Ukwa ilipotoka mwaka 2002 alikuwa mtu mzima, ameshapita miaka 20, ila kwa sababu ya kimo chake alicheza mtoto mtundu, yeye na Osita Iheme, yule Pawpaw.

Sisemi alionewa. Kazi ile ilimpa riziki na jina Afrika nzima, na mwaka 2011 Rais Goodluck Jonathan aliwatunuku wote wawili nishani ya taifa. Lakini kwa miaka mingi watayarishaji waliendelea kuwarudisha utotoni, kwani ndiko kulikouza.

Kasoro ni kwetu watazamaji. Juzi sokoni Kongowea nilisikia vijana wakimwita muuza nguo mmoja wa kimo kifupi, "Aki! Aki!", wakimtaka awachekeshe. Mzee yule ana wajukuu. Ikedieze hulipwa kwa kuchekesha. Mzee wetu alikuja kuuza nguo.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 54, inampa kila mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Hapo hatuhitaji kungoja askari; ni sisi tulio pale sokoni tuwakanye vijana wetu. Siku ile mimi nilinyamaza, na najuta. Mzaha mzaha, ndugu zangu, hutumbuka usaha.