Nani alikuonyesha orodha ya wateule?

Jumamosi nilikuwa matanga huku Saboti. Kijana wa boda, miaka 22, aligongwa na lori usiku. Mama yake amekaa kwa kiti cha plastiki, hasemi kitu. Halafu mhubiri, rika letu kabisa, anashika maiki: Mungu alichagua watu wake kabla ya dunia kuumbwa, na kama marehemu hakuwa kwa hiyo orodha, tulie tusilie ni bure. Watu wakaitika amina.

Amina ya nini, wasee?

Najua hii kitu inatoka wapi. Unachoma bando ukiangalia wahubiri wa Marekani, wiki mbili tu, tayari wewe ni Calvin. Sina shida na mtu kusoma. Lakini basi soma hadi mwisho. Calvin mwenyewe alikiri kwamba uamuzi huo wa Mungu unatisha. Na ule mkutano wa Dort, 1618 hadi 1619, wenye zile pointi zenu tano, uliwaambia wazazi wacha Mungu wasiwe na shaka kuhusu watoto wao waliokufa wachanga. Hao wenyewe walijua mzazi aliyefiwa haongeleshwi ovyo.

Mnapenda Warumi 9, Yakobo na Esau. Paulo hakukomea hapo. Endelea mpaka 11:32 uone anaishia wapi: kwa Mungu kuwahurumia wote. Wote, bro.

Kinachoniuma zaidi ni vile mnadharau nyumbani. Friends walifika Kaimosi 1902, Wamarekani watatu, imani ikasambaa mpaka Bungoma na huku kwetu. Leo Kenya ndiyo ina Friends wengi kuliko nchi yoyote. Sasa Robert Barclay, aliyeandika teolojia yao 1676, alipinga hiyo story yenu waziwazi: nuru ya Kristo inamfikia kila mtu, Yohana 1:9. Kwa hivyo kukhu wako anayeenda Friends kila Jumapili ana jibu la zaidi ya miaka 300, na wewe unamwambia hajui Biblia.

Halafu habari ya watu kujiita wateule sisi tunaijua. Makaburu walifika Uasin Gishu na magari ya ng'ombe 1908, na Trans Nzoia nayo ikawa mashamba ya walowezi. Kule Afrika Kusini makanisa yao yalitumia Biblia kutetea ubaguzi, hadi 1982 muungano wa makanisa ya Kikalvini ya dunia, ukikutana Ottawa, ukaita hayo mafundisho uzushi. Wakalvini wenyewe, si mimi.

Mtasema nampunguzia Mungu enzi. Wapi! Amchague anayetaka. Lakini kwa Biblia kuchaguliwa ni kupewa kazi: Abrahamu alichaguliwa ili mataifa yote yabarikiwe, Yeremia akachaguliwa tumboni na akaishia kutupwa shimoni kwenye matope. Hakuna aliyepewa majina ya watu wa motoni ayasome kwa matanga.

Jioni tukiosha masufuria, yule mama aliuliza hiyo orodha imeandikwa wapi. Hakuna mtu alimjibu.

Wewe uliyeshika maiki, hilo boma unalijua. Rudi umjibu wewe.