Mafunzo kwa Vitendo Yaende na Ujira wa Haki

Waajiri hulalamika kwamba wahitimu wana nadharia pasipo uzoefu. Wahitimu nao huuliza watapata wapi uzoefu kabla ya kuajiriwa. Huko Baden-Württemberg, kusini-magharibi mwa Ujerumani, jibu lilianza kutolewa mwaka 1974: mwanafunzi huingia mkataba na mwajiri, hukaa chuoni takriban miezi mitatu, kisha kazini mitatu, naye hulipwa katika kipindi chote cha masomo.

Kwetu Tanzania, mafunzo kwa vitendo mara nyingi ni ya majuma machache yasiyo na malipo. Aliyekosa mkopo hujitafutia nauli na chakula. Tangu waraka Rerum Novarum wa mwaka 1891, Kanisa limedai ujira wa haki kwa mfanyakazi. Twaona mwanafunzi atendaye kazi halisi asisahauliwe. La sivyo, uzoefu utabaki mali ya wenye uwezo.